Sekunde Tisa za Vendel

Veszprém, Januari. Theluji imepanda dirisha la maabara
hadi kwenye kitasa,
na bechi ya arobaini na moja imeganda ndani ya kioo,
ya manjano, kama yai lililosahauliwa jikoni.
Rozália aliichokoa kwa kijiko, akainusa, akaniangalia.
Kisha akaandika daftarini: imekufa.

Mimi ni mtu wa hesabu. Sijui kunusa.
Nilishuka kutoka ghorofa ya nne na mlinganyo wangu
umenyooka, umepigwa pasi:
joto likizidi nyuzi thelathini na nane, vali ya maji baridi ifunguke;
likishuka, ijifunge.
Nilithibitisha, kwa kurasa kumi na sita, kwamba mtambo utatulia.
Mtambo haukusoma kurasa zangu.
Ulipanda, ukashuka, ukapanda kupita mwanzo,
kama mlevi anayerekebisha kushoto kwa kuangukia kulia.

Na jeli ile, tuliyotaka iwe gegedu,
mto mwororo kati ya mfupa na mfupa
kwa magoti ya watu wanaoshuka ngazi kinyumenyume,
haivumilii kuyumbishwa.
Nyuzi mbili tu, inakuwa raba ya kufutia.

Vendel ana miaka thelathini na moja chumbani humu.
Hana shahada. Ana funguo.
Jioni ile alizima kompyuta yangu bila kuomba radhi,
akaweka kiganja juu ya bomba,
akangoja, midomo ikimcheza,
ndipo akazungusha vali, robo tu.
Tena kiganja. Tena midomo.
Sindano ya kipimajoto ikatetemeka mara mbili, ikalala.

"Unahesabu nini?"
"Tisa."
"Tisa nini?"
Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake.
"Maji yana safari, Profesa. Tangi liko nyuma ya ukuta.
Unayaita; kabla hayajafika, unayaita tena.
Yakija yote kwa pamoja, unashangaa gharika."

Mita saba za bomba.
Kila asubuhi nilitundika koti langu juu yake.

Wahenga walisema subira huvuta heri;
hawakusema subira ya sekunde ngapi.
Vendel alijua: tisa.
Siku za baridi kali, tisa na nusu.

Usiku nikaupasua mlinganyo.
Sasa inaitegemea sasa,
na inategemea pia ile sekunde ya tisa nyuma,
habari ambayo bado iko njiani.
Herufi moja ya Kigiriki, tau, msumari uliopinda.
Kurasa kumi na sita zikawa arobaini
na hazikupigika pasi tena.

Géza aliondoka Machi. Nilikula, nilifundisha,
nilisahihisha mitihani ya watu mia na nne.
Nililia Agosti, dukani, mbele ya mizani ya nyanya,
na muuzaji akadhani ni bei.

Bechi ya arobaini na mbili ilitoka angavu.
Rozália akapandikiza ndani yake seli za ndama,
akafunga kabati la joto.
Siku ya kwanza, kimya. Ya nne, kimya.
Nikataka kufungua, nichungulie tu.
Vendel akaegemea mlango, akila tufaha.
Siku ya kumi na mbili, chini ya darubini,
seli tatu zilikuwa zimenyoosheana mikono.
Tatu. Rozália alizihesabu mara nne.

Jarida limejibu: makala imekubaliwa,
ila mwandishi wa tatu hana cheo wala idara;
tafadhali elezeni mchango wake.
Nimeandika aya nzima, nikafuta. Nimeandika "vipimo," nikafuta.
Nikampelekea Vendel nakala, aamue mwenyewe.
Aliisoma siku mbili, kwa penseli,
akiruka alama asizozijua kama anayeruka madimbwi.
Juu ya jina lake hakusema kitu.
"Bomba ni mita saba na robo," alisema.
"Ukurasa wa pili. Umekosea."